Chai Niliyompikia Mama wa Kambo

Mama wa kambo alifika kwangu Burumba, mjini Busia, asubuhi ya mvua, amekaa nyuma ya boda boda na mfuko mmoja mapajani. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nilikitambua kitambaa chake cha kichwa kabla sijamtambua mwenyewe. Nilimshika mkono kumsaidia kushuka. Mimi ni fundi wa nguo, na nilichoshika kilinijia akilini kama mkono wa gauni ambalo bado halijavaliwa.

Mdogo wangu, mtoto aliyezaliwa na yeye, ndiye aliyepanga hayo yote kwa simu kutoka Nairobi. Aliniambia tangu baba afariki mama anaishi peke yake kijijini Moding, majirani wanasema hali chakula vizuri, na yeye chumba chake ni kimoja, ana mke na watoto wawili ndani. Akaniomba nimchukue, hata kama ni kwa mwezi mmoja tu. Nilikubali upesi, kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Nilipokata simu nilikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga, maana nilikuwa nimetoka katika nyumba ya mama huyo nikiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hatukuwa tumelala chini ya paa moja hata usiku mmoja.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka sita. Baba alioa tena kabla mwaka haujaisha, akamleta msichana ambaye leo ningemwona mtoto. Sitamsingizia. Hakunipiga, na sikulala njaa. Alichoninyima ni chai ya maziwa. Kila asubuhi kulikuwa na sufuria mbili jikoni. Moja ilikuwa na maziwa, ya baba, na baadaye ya mdogo wangu pia. Nyingine ilikuwa chai ya rangi, na hiyo ilikuwa yangu. Maziwa hayakuwa haba. Nilijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemshika ndama wakati wa kukamua. Na katika miaka yote ile hakuniita mwanangu. Aliniita wewe, au yule.

Basi akaja. Nina vyumba viwili. Nilimpa kitanda cha ndani, mimi nikatandika godoro sebuleni karibu na cherehani na marundo ya sare za shule. Siku za kwanza tuliongea kama watu waliokutana kwenye foleni. Aliuliza habari za kazi, nikamwambia ni nzuri. Niliuliza habari za shamba, akasema mihogo imeliwa na fuko. Chakula aligusa tu. Nilipomuuliza, aliweka kidole katikati ya kifua.

"Ugali inasimama hapa," akasema. "Ni baridi imeingia."

Alikuwa anakohoa pia, kikohozi kidogo kikavu, hasa akilala. Nilikubali kwamba ni baridi. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, nyumba yake ya Moding ilikuwa inavuja, na mwanamke wa umri ule akilala kwenye unyevu lazima akohoe. Leo nikijiuliza kwa nini sikumpeleka hospitali wiki ile ile, jibu ni kwamba baridi ni ugonjwa rahisi, na mimi sikutaka mambo yawe magumu kati yangu na yeye kuliko yalivyokuwa.

Jirani yangu ndiye aliyeleta habari ya chai. Ni mama wa Kiislamu mwenye duka la viungo mtaani kwetu, mume wake ana malori yanayovuka kwenda Uganda. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hivyo kikohozi alikuwa anakisikia. Siku moja aliniita dukani, akanipimia vitu kutoka kwenye mikebe yake: tangawizi kavu na mbichi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kidogo. Akaniambia hiyo ndiyo aliyonywa kila alipojifungua, na ndiyo aliyompa mama yake alipokuwa mgonjwa wa kifua. Alikataa kunieleza kwa mdomo tu. Jioni alikuja mwenyewe jikoni kwangu akasimama kando ya jiko.

Nilijifunza kwamba haraka inaharibu. Unatwanga iliki na maganda yake, karafuu tatu tu kwa sababu ikizidi inafanya ulimi ufe ganzi, mdalasini unauvunja vipande. Unachemsha na maji peke yake kwanza, pamoja na tangawizi iliyopondwa, mpaka maji yabadilike rangi na harufu ijae nyumba. Majani yanafuata. Maziwa ni ya mwisho.

"Ukitia maziwa kabla tangawizi haijachemka sawasawa, dada, yatakatika," aliniambia. "Halafu utasema viungo vyangu vibaya."

Maziwa nilinunua kwa mtu wa pikipiki anayeyaleta kutoka upande wa Nambale kila alfajiri, sukari ni ile ya ng'ambo ya mpaka ambayo kila mtu Busia anatumia. Sufuria ya kwanza niliipika mchana wa Jumapili, baada ya kanisa. Niliipandisha ikafura mara tatu, nikaichuja, nikammiminia kwenye kikombe cha bati alichokuja nacho kutoka Moding. Nilitaka kuiacha ipoe kidogo. Alikipokea papo hapo kwa mikono miwili, akanywa mvuke ukimpiga usoni, akafumba macho.

"Hii inapita," akasema.

Maneno hayo mawili yalinifurahisha kuliko pesa. Tangu siku hiyo nilipika mara mbili kila siku, alfajiri na saa kumi jioni. Alitaka moto, moto wa kuunguza. Kikombe kikikaa hata muda mfupi alinirudishia nikachemshe upya. Alisema chai ya vuguvugu ni ya kumpa mtu ambaye humtaki kwako. Nami nilimchemshia. Nilikuwa nakimbia na kikombe kutoka jikoni ili kisipoteze joto njiani.

Na kweli alianza kuonekana afadhali. Mashavu yalipata rangi. Kikohozi kilipungua, au niliacha kukisikia. Akaomba awe anakula chumbani, kwa sababu mgongo ulimuuma akikaa kwenye kiti, na sahani zilianza kurudi tupu. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia mama anapata nguvu. Nilimwambia jirani pia, akanishika bega akasema alijua tu.

Pamoja na chai yakaja mazungumzo. Saa kumi nilikuwa naacha cherehani, naleta kiti mlangoni pa chumba chake, tunakunywa. Alinisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwao waliuza fahali mmoja ili kumtibu kaka yake, na kaka akafa hata hivyo. Aliogopa ng'ombe mpaka alipoolewa. Siku alipoletwa kwa baba alikuwa na miaka kumi na tisa, na usiku huo alilia kwa sababu kwenye kamba ya nguo ndani ya nyumba bado kulikuwa na sketi ya mama yangu.

Siku moja nilimuuliza kuhusu chai. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshika kikombe changu, maziwa yamejaa, na swali likatoka lenyewe. Nilimuuliza kwa nini alinipa chai ya rangi miaka yote ile.

Alishusha kikombe chake mapajani.

"Nilikupikia ya maziwa," akasema. "Wiki ile nilikuja. Ukaionja, ukaweka kikombe chini. Ukasema, hii si kama ya mama."

Nikamwambia sikumbuki.

"Mimi nakumbuka. Watu wote hapo nyumbani walikuwa wananipima na yeye. Lakini wakubwa walikuwa wananyamaza. Ni wewe ulisema. Nikasema basi, hatakunywa tena."

"Miaka kumi?"

"Siku zikaenda," akasema. "Baadaye sikujua vile nitaanza tena."

Hakuomba msamaha, na mimi sikumwambia nimemsamehe. Nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha. Usiku nilitafuta kichwani kwangu asubuhi hiyo, kikombe, ladha, na sikupata kitu. Nilipata hasira tu. Mtoto wa miaka sita aliyefiwa alisema neno moja, akaadhibiwa mpaka alipohama nyumba. Kesho yake alfajiri sikupika. Nilikaa kwenye cherehani nikashona kola za sare, moja baada ya nyingine, nikamsikia ndani akigeuka kitandani, akingoja. Hakuuliza. Jioni nilipika, nikaitia sukari kama kawaida, nikampelekea ya moto. Hatukurudia tena mazungumzo hayo, ila baada ya hapo ukimya wetu haukuwa mzito kama ule wa mwanzo.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, jua lilitoka. Nilimtoa nje akakae kwenye mkeka, nikaingia kubadilisha mashuka. Kulikuwa na harufu mbaya. Nilifikiri panya amefia ndani. Nilivuta mfuko wake kutoka uvunguni, na nyuma yake nikakuta pakiti tatu za unga, zile za karatasi, zimekunjwa vizuri mdomoni. Ndani kulikuwa na chakula changu. Ugali, nyama, viazi vitamu, sukuma wiki, vyote vimetafunwa vikatemwa, vingine vimeota ukungu. Alikuwa anatafuna kila alichopewa, anajaribu kumeza, kinakataa, anakitema kwenye karatasi ili sahani irudi tupu.

Nilikaa kitandani. Nilipiga hesabu ya siku nikaona kwamba kwa wiki nyingi mama huyu alikuwa anaishi kwa chai. Sukari na maziwa ndiyo yaliyokuwa yanampa ile rangi mashavuni. Niliyoiita nafuu ilikuwa njaa iliyotiwa iliki.

Nilitoka nje na pakiti moja mkononi. Aliiona, akatazama pembeni, kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungenipeleka hospitali," akasema. "Huko ni mambo ya hospitali. Hapa kulikuwa na chai."

Jumatatu nilimpeleka. Kutoka hospitali ya kwanza tulitumwa hospitali ya rufaa, safari ya saa kadhaa, na huko wakamwingiza kamera kwenye njia ya chakula. Daktari aliyetuita baadaye alikuwa msichana, pengine hata miaka thelathini hajafika. Alivuta kiti akakaa karibu na mama, akasema naye Kiswahili polepole ili asipotewe na neno. Alimwambia kuna uvimbe, na kwamba walikata kipande kidogo kukipima, na ni saratani, na imekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Mama aliitikia kwa kichwa, kana kwamba anaambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na mpango wa kununua.

Kisha daktari akauliza maswali. Ilianza lini? Anaweza kumeza nini? Anavuta sigara? Anakunywa pombe? Na vitu vya kunywa, chai, uji, anapenda vya moto kiasi gani?

Mama alijibu kabla yangu.

"Moto kabisa," akasema, na uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu mtoto wangu anajua kupika chai."

Daktari aliandika. Mimi nilibaki nimetazama kalamu. Neno hilo nililingoja tangu utotoni, na lilikuja mahali ambapo sikuweza kulipokea.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Nilimwambia nilikuwa namchemshia mara mbili kwa siku, kwamba ikipoa narudisha jikoni, kwamba ilikuwa na tangawizi na pilipili manga. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Uvimbe kama ule haukui kwa miezi miwili, dada. Ule una muda," akasema. "Na watu wengi huku kwetu wanakunywa vitu vya moto maisha yao yote. Wengine wanaugua, wengine hawaugui. Siwezi kukwambia ni hiyo."

"Lakini umeuliza."

"Ndiyo, lazima niulize. Kuanzia leo iache ipoe."

Wiki hiyo walimwekea mrija wa waya wa kuipanua njia ili maji na uji vipite. Walitueleza wazi kwamba hautamponya. Mdogo wangu alikuja, akakaa siku tatu, akarudi kazini. Mimi nilirudi Burumba na mama, nikaendelea kupika, lakini haikuwa chai ile tena. Tangawizi ilimchoma. Pilipili na karafuu niliziacha. Ilibaki iliki peke yake, maziwa mengi, na nilikuwa naimimina kutoka kikombe hadi kikombe mpaka niweze kuweka kidole ndani bila kuhisi kitu. Alikunywa kidogo kidogo kwa kijiko. Kila mara alilalamika. Aliniuliza kwa nini nampa chai ya mtu nisiyemtaka, nami kila mara nilimwambia ni amri ya daktari, naye akasema daktari hajui chai.

Jirani alipopata habari alikuja akakaa sebuleni kwangu akalia. Alisema ameniharibia mama. Nilimwambia daktari amesema sivyo. Akauliza kama daktari amesema sivyo au amesema hajui. Mpaka leo tunasalimiana vizuri, na sikukuu ikifika ananiletea sahani ya pilau. Lakini dukani kwake nikienda kununua iliki, ananipimia bila kunitazama, na hatujawahi kutaja jambo lile tena.

Mvua zilipoisha mama aliomba kurudi Moding. Alisema anataka kulala mahali ambapo anajua kila sauti. Mdogo wangu alimtuma mke wake aje akae naye, nami nikawa naenda kila Jumapili, nikibeba maziwa na iliki. Jumapili ya tatu alikuwa hawezi hata kijiko. Nilimlowesha midomo kwa kitambaa. Alikuwa na macho makubwa, na alinitazama nikifanya hivyo kwa makini, kama alivyozoea kunitazama nikimshika ndama. Nilitaka kusema kitu. Nilisema mihindi ya jirani imezaa vizuri. Akafumba macho.

Alifariki Alhamisi saa tano asubuhi. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata, nami nilikuwa na sare ishirini za kumaliza. Simu ililia mguu wangu ukiwa kwenye cherehani. Nilimalizia mshono ule mpaka mwisho wa kitambaa kabla sijasimama, na sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Kwenye mazishi, mzee wa kanisa alisoma wasifu wake. Ulisema ameacha mtoto mmoja na wajukuu wawili. Mdogo wangu alishtuka, akaniinamia akanong'ona kwamba aliunakili kutoka karatasi ya zamani ya baba iliyoorodhesha waliozaliwa na mama tu, na kwamba ataomba usomwe tena. Nilimshika mkono nikamwambia aache. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na aliyehusika hakuwa na nafasi tena ya kusahihisha.

Asubuhi iliyofuata tulibaki wawili jikoni kwake, mimi na mdogo wangu. Mke wake alikuwa bado amelala na watoto. Niliwasha moto, nikapika chai ya maziwa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo ya kupika, nikammiminia. Alikuwa na haraka ya safari. Aliinua kikombe mvuke ukifuka, na kabla hakijafika mdomoni nilinyoosha mkono nikakichukua. Yeye ni mtu mzima, fundi wa vyuma, mikono yake imejaa alama za moto. Aliniachia tu.

"Ni chai ndiyo ilimmaliza?" akauliza.

"Sijui."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema hajui."

Aliniuliza pia mama alikuwa anasema nini miezi ile kwangu, maana yeye alipokuwa akimpigia simu alikuwa anaambiwa tu kwamba yuko sawa. Nilimweleza kuhusu kaka yake mama na fahali aliyeuzwa, na kuhusu kuogopa ng'ombe. Hiyo ya kikombe cha kwanza sikumwambia. Alicheka kidogo kusikia kwamba mama yake aliwahi kuogopa ng'ombe, kisha akafuta macho kwa kiganja.

Nilipoona imepoa vya kutosha nilimrudishia kikombe. Akanywa yote, akakiinamisha kwenye beseni, akaenda kuamsha watoto. Saa nne walipanda gari barabarani, na mimi nikafagia jiko, nikafunga mlango wa nyumba kwa kufuli, nikampelekea jirani wa shamba ufunguo, nikarudi Burumba kumalizia sare.